Meno Aliyapata kwa Daktari

Katikati ya mwaka 1957, kampuni changa ya filamu ya Marekani, American International Pictures, ilitoa filamu ambayo jina lake liliwachekesha watu hata kabla hawajakata tiketi: I Was a Teenage Werewolf, yaani ungamo la barobaro aliyewahi kugeuka mbwamwitu. Ilipigwa kwa muda wa wiki moja hivi. Gharama yake hutajwa kuwa kama dola 82,000, kiasi ambacho hata wakati ule kilikuwa kidogo mno kwa Hollywood, nayo ikaingiza karibu dola milioni 2. Jina lake likageuka mzaha wa kila mtu, na hadi leo anayeitaja huitaja huku akitabasamu, kama mtu anayekiri kwamba anapenda peremende za watoto. Nadhani wanaocheka wanaishia kwenye manyoya ya bandia. Chini ya manyoya yale kuna shtaka ambalo filamu za heshima za miaka ile hazikuthubutu kulifungua: kwamba kijana mkorofi anaweza kuangamizwa na watu wale wale wanaojitolea kumnyoosha, na kwamba tiba anayochaguliwa inaweza kuwa hatari kwake kuliko hasira zake.

Stelingi wa filamu hii ni Tony Rivers, mwanafunzi wa sekondari ya Rockdale High, aliyeigizwa na Michael Landon akiwa na miaka 20, miaka miwili kabla tamthilia ya Bonanza haijamfanya nyota wa televisheni. Filamu inaanza kwa ngumi. Hakuna utangulizi wala mandhari ya mji. Ngumi inamjia mtazamaji usoni, kisha tunatambua kwamba tumo katikati ya ugomvi wa Tony na mwenzake Jimmy. Chanzo chake ni upuuzi: Jimmy amemgusa Tony begani kwa nyuma. Polisi wanaamulia, na mpelelezi aitwaye Donovan, mtu mpole anayezungumza kama mjomba, anamshauri Tony akamwone Dakta Alfred Brandon, mtaalamu wa saikolojia anayefanya kazi katika kiwanda cha ndege na anayetibu kwa hipnosi. Tony anakataa. Baba yake, mgane anayejitahidi kumlea peke yake, anampa nasaha za mtu aliyezoea kuinamisha kichwa kazini: mara nyingine huna budi kufuata wanavyotaka wakubwa. Mpenzi wake Arlene naye anamsihi. Kijana anashikilia msimamo mpaka usiku wa sherehe ya Halloween, rafiki yake Vic anapompulizia tarumbeta nyuma ya sikio kwa utani, naye Tony anamgeukia na kumshushia kipigo. Ukumbi unanyamaza. Anaziona nyuso za wenzake, anajiona alivyo machoni mwao, na hapo ndipo anapokubali kwenda kwa daktari. Inafaa kukumbuka hilo, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanampata mtoto aliyekubali kusaidiwa.

Daktari mwenyewe ndiye kiini cha hoja yangu. Katika filamu za kutisha za zamani, mtu aligeuka mnyama kwa laana. Katika The Wolf Man ya mwaka 1941, Lon Chaney Jr. anaumwa na mbwamwitu usiku porini na basi, yamekwisha, hakuna wa kulaumiwa isipokuwa majaliwa. Brandon hahitaji mbalamwezi. Whit Bissell, aliyemwigiza, ana sura ya mhasibu wa benki: nadhifu, sauti ya kutuliza, mtu ambaye ungemwachia akiba yako. Ana ofisi, ana msaidizi, ana jina linaloaminika mpaka kituo cha polisi. Na ana nadharia. Anaamini kwamba binadamu amefika ukingoni mwa kujiangamiza, jambo lisiloshangaza kwa mwaka wa mabomu ya haidrojeni, na kwamba njia pekee ya kumwokoa ni kumrudisha nyuma hadi kwenye unyama wake wa kwanza ili aanze upya. Anamdunga Tony sindano ya skopolamini, anamlaza usingizi wa hipnosi, na kwa sauti ile ile tulivu anamwambia kwamba yeye aliwahi kuwa mnyama wa mwituni. Msaidizi wake, Hugo, anashtuka na kupinga, kwa kuwa aliye kitandani ni mtu hai. Brandon anaona uhai wa kijana mmoja kuwa bei ndogo kwa ajili ya ugunduzi mkubwa. Meno ya Tony, kwa maneno mengine, yanatoka kliniki, tena kwa rufaa ya polisi.

Tazama sasa tukio ambalo peke yake lingetosha kuipa filamu hii nafasi kwenye historia. Kijana mmoja, Frank, ameshauawa msituni akirudi nyumbani kutoka kwenye sherehe, na Tony hajui kwamba muuaji ni yeye. Mwalimu mkuu, Bi. Ferguson, anamwita ofisini. Hajamwita kumkaripia. Amepokea ripoti nzuri kutoka kwa Dakta Brandon, ameona mwenyewe kwamba ugomvi umekwisha, na yuko tayari kumpendekeza Tony kwa chuo kikuu cha jimbo. Ndiyo sifa ya kwanza ambayo mtu mzima mwenye mamlaka anampa katika filamu nzima. Anatoka ofisini akiwa na furaha, anapita karibu na ukumbi wa mazoezi ambamo msichana aitwaye Theresa anafanya sarakasi zake peke yake kwenye vyuma, na kengele ya shule inalia sentimita chache kutoka kichwani mwake. Mtazamaji anamwona akigeuka kwa macho ya Theresa, naye Theresa ananing'inia kichwa chini. Kwa hiyo mbwamwitu anatujia juu-chini, amevaa jaketi lake la shule, udenda ukimtoka. Mpiga picha alikuwa Joseph LaShelle, aliyekwisha kushinda tuzo ya Oscar kwa filamu ya Laura ya mwaka 1944, na mwongozaji, Gene Fowler Jr., alikuwa ameshika mkasi wa uhariri kwenye filamu za Fritz Lang. Hawa hawakuwa wanagenzi waliookota kamera. Picha ile ya juu-chini imetumia fedha kidogo na akili nyingi, maana inatuonyesha shule ilivyo kweli wakati huo: cheti cha kupona kimetolewa dakika chache tu zilizopita, na kinachomwamsha mnyama ni chombo kile kile cha nidhamu kinachowaambia watoto lini wakae na lini wainuke.

Ili kuona jinsi shtaka hilo lilivyokuwa kali, liweke kando ya filamu zilizoheshimiwa. Marekani ya miaka ile ilikuwa imeshikwa na hofu ya vijana. Kamati ndogo ya Seneti iliundwa mwaka 1953 kuchunguza uhalifu wa watoto, ikasikiliza ushahidi kuhusu vitabu vya katuni mwaka 1954, na baadaye, chini ya Seneta Estes Kefauver, ikageukia sinema. Hollywood ilijibu kwa filamu mbili mashuhuri za mwaka 1955. Katika Blackboard Jungle, mwalimu mwenye moyo mgumu analishinda darasani genge la wahuni. Katika Rebel Without a Cause, James Dean analia kwa sababu baba yake ni dhaifu, anavaa aproni na kumwogopa mkewe, na mwisho baba huyo anaahidi kusimama kama mwanamume. Zote mbili ni filamu nzuri. Ya pili ni bora kuliko hii ya mbwamwitu kwa kila kipimo cha ufundi. Lakini jibu lao ni lile lile: mtu mzima aongeze nguvu, au aongeze upole, na kijana atatulia. Katika Rebel kuna hata polisi mpole, Ray Fremick, anayemfungulia James Dean mlango na kumwambia aje wakati wowote akihitaji kuzungumza. Donovan ni Fremick yule yule, ila filamu ya bei chee inamfuata mpaka mwisho wa ushauri wake na kuona unakoelekea. Hakuna mtu mzima katika Rockdale aliye mkatili isipokuwa daktari, na hakuna hata mmoja anayemwuliza daktari anafanya nini nyuma ya mlango.

Huenda msomaji akasema kwamba daktari wa namna hiyo yumo kwenye filamu tu. Haya, twende Montreal. Mwaka ule ule wa 1957, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianza kupitisha fedha kwa siri kwenda kwa Dakta Ewen Cameron wa Allan Memorial Institute, chini ya mradi wake wa MK-Ultra ulioanzishwa mwaka 1953. Cameron hakuwa tapeli wa vichochoroni. Alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, na baadaye alikuwa rais wa kwanza wa chama cha dunia cha madaktari hao. Aliamini kwamba akili ya mgonjwa ikifutwa, ikarudishwa hadi hali ya mtoto mchanga, inaweza kujengwa upya. Wagonjwa waliomwendea kwa huzuni za kawaida, wengine baada tu ya kujifungua, walilazwa usingizi wa dawa kwa wiki kadhaa, wakapigwa shoti za umeme kupita kiasi cha kawaida, na kusikilizishwa kanda zilizorudia sentensi moja bila kikomo. Baadhi walitoka hawawatambui waume na watoto wao. Habari hizi hazikujulikana hadharani mpaka miaka ya 1970. Waandishi wa filamu yetu, Herman Cohen na Aben Kandel, wasingeweza kuzijua. Waliandika hadithi ya kutisha kwa haraka, chini ya jina la bandia. Hata hivyo nadharia ya Brandon na nadharia ya Cameron ni ndugu wa damu, na kati ya wawili hao, mwenye tuzo na vyeo alikuwa yule wa kweli.

Wala hayakuwa mambo ya siri tu. Mwaka 1960, Dakta Walter Freeman, aliyekuwa akizunguka nchi nzima akitangaza upasuaji wa ubongo, alimpitishia mtoto wa miaka 12 aitwaye Howard Dully vyuma viwili juu ya macho, kwa sababu mama yake wa kambo alilalamika kwamba ni mkaidi na anaota ndoto za mchana. Dully aliishi, na alipokuwa mtu mzima akaandika kitabu kuhusu alichotendewa. Mwaka 1964 huko Arizona, kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alipelekwa katika shule ya marekebisho kwa uwezekano wa kukaa humo hadi afikishe miaka 21, kwa kosa la simu ya matusi ambalo mtu mzima angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa miezi isiyozidi miwili. Hakuwa na wakili, na mlalamikaji hakufika hata mara moja mbele ya hakimu. Mantiki ya mahakama za watoto ilikuwa kwamba mtoto hashtakiwi, anasaidiwa, na anayesaidiwa hahitaji utetezi. Mahakama Kuu ya Marekani iliivunja mantiki hiyo mwaka 1967, miaka kumi baada ya Tony Rivers kupokea ushauri wake wa kirafiki kutoka kwa Donovan. Ukijua kesi ya Gault, utaitazama filamu hii kwa jicho jingine. Tony naye hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote, na hakuna aliyemwonyesha hati wala kumtafutia wakili. Kuna watu wazima tu wanaokubaliana juu ya kilicho bora kwake.

Pingamizi la kwanza, ambalo ndilo husemwa haraka zaidi, ni kwamba ninaisingizia filamu hii hekima ambayo watengenezaji wake hawakuwa nayo. Walikuwa wanatafuta fedha. Ni kweli, na hawakuwahi kuficha. Baada ya Mahakama Kuu kuzilazimisha studio kubwa mwaka 1948 kuachana na majumba yao ya sinema, na televisheni ilipoanza kuwafungia wazazi sebuleni, waliobaki wakienda sinema kwa wingi walikuwa vijana, hasa kwenye uwanja wa draivu-in, aina ya sinema ambayo wakazi wa Nairobi waliijua baadaye pale Belle Vue na wa Dar es Salaam pale Msasani. James Nicholson na Samuel Arkoff, wenye American International Pictures, walijenga biashara nzima juu ya soko hilo. Nicholson alijulikana kwa kubuni jina la filamu na bango lake kwanza, hadithi ikafuata. Cohen, mtayarishaji, alikulia katika majumba ya sinema ya Detroit akifanya kazi humo tangu utotoni. Lakini hebu fikiria biashara hiyo inamtaka mtu afanye nini. Anayemuuzia tiketi mzazi atamsimulia mzazi hadithi ambayo mzazi anapenda kuisikia, kwamba mtoto amepotoka na mkubwa atamrudisha. Anayemuuzia tiketi kijana wa miaka 16 hawezi kufanya hivyo, maana kijana atawasha gari na kuondoka. Ili apate dola yake, lazima atazame dunia kutoka pale kijana alipokaa, na kutoka pale, mtu anayesema "ni kwa faida yako" anaonekana kama Whit Bissell. Tamaa ya fedha ilifanya kazi ambayo dhamira njema za studio kubwa zilishindwa kuifanya.

Kama hilo lingekuwa bahati ya mara moja, ningenyamaza. Lakini Cohen alirudia. Kabla mwaka 1957 haujakwisha alitoa I Was a Teenage Frankenstein, ambamo Bissell huyo huyo, sasa akiwa profesa, anaunganisha mwili wa barobaro kutoka vipande vya vijana waliokufa ajalini na kudai utii kamili kutoka kwake. Sambamba nayo ikaja Blood of Dracula, ambamo mwalimu wa kemia katika shule ya bweni ya wasichana anampumbaza mwanafunzi mgeni na kumfanya mnyonya damu ili kuthibitisha nadharia yake. Mwalimu huyo anaigizwa na Louise Lewis, mwanamke yule yule aliyekuwa Bi. Ferguson, mwalimu mkuu aliyempa Tony ahadi ya chuo. Mwaka 1958 ikafuata How to Make a Monster, kali kuliko zote: fundi wa vipodozi wa studio, aliyefukuzwa kazi baada ya miaka mingi, anachanganya dawa katika krimu anayowapaka waigizaji wawili chipukizi, mmoja akiwa mbwamwitu na mwingine Frankenstein, na kuwatuma wakaue wakubwa waliomfukuza. Filamu nne, na katika zote nne muuaji ni kijana, aliyemfanya awe muuaji ni mtu mzima mwenye taaluma, na chombo kilichotumika ni imani. Mtu anaweza kuita hiyo kanuni ya biashara. Mimi naiita hoja, hata kama aliyeijenga alikuwa akitazama daftari la mapato.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba Tony alikuwa mkali tangu mwanzo, kwamba mnyama alikuwamo ndani yake na daktari alimfungulia mlango tu. Na kwamba kwa kumtupia lawama daktari mmoja mwendawazimu, filamu inausafisha mji mzima. Sehemu ya kwanza inajibiwa na filamu yenyewe. Hasira za Tony zina chanzo kimoja kinachorudi kila mara: anashtuliwa kutoka nyuma. Jimmy anamgusa bega, Vic anampulizia tarumbeta. Ni kijana asiyeweza kustahimili kuvamiwa na kitu asichokiona, aliyekua bila mama na ambaye baba yake yuko kazini. Hajawahi kuua wala kutaka kuua. Brandon anaukuta udhaifu huo na, badala ya kuutibu, anauchukua na kuufanya kitufe. Baada ya hapo kengele ya shule inatosha, na mwishoni mlio wa simu ofisini kwa daktari unatosha. Sehemu ya pili naikubali nusu. Ni kweli kwamba Brandon ni mwovu wa kutosha kumfanya mtazamaji apumue na kusema kumbe shida ilikuwa yule. Lakini hesabu mikono iliyompitisha Tony mpaka akafika kitandani pale, kuanzia kwa mpelelezi, baba na mpenzi wake, hadi mwalimu mkuu aliyeipokea ripoti na kuiamini. Kwenye kituo cha polisi kuna mtu mmoja tu anayefahamu kinachotokea, Pepe, mfagiaji kutoka milima ya Carpathia, anayeitambua alama ya meno kwenye picha ya maiti. Ana ufagio, hana shahada, kwa hiyo maneno yake hayabadilishi kitu. Sidhani filamu iliyotaka kuusafisha mji ingemweka mtu huyo pale.

Kuna jambo moja ambalo silitetei. Theresa ananyongwa na kamera kabla hajauawa na mbwamwitu. Amewekwa pale akiwa na vazi la mazoezi, peke yake, anatazamwa kwanza na sisi halafu na Tony, na bango la filamu lilijua fika linauza nini. Baada ya kufa kwake hakuna anayemlilia. Hatumwoni mama yake wala rafiki yake wa darasani. Filamu inayojali sana jinsi mtoto wa kiume anavyotumiwa haioni kabisa kwamba nayo inamtumia mtoto wa kike, na Frank wa msituni hana nafuu kubwa. Kuhusu vipodozi vya Phillip Scheer, vinavyochekwa siku zote, mimi sina ugomvi navyo. Sura ya mbwamwitu imesongamana meno kiasi kwamba Landon hawezi kufunga mdomo, na nywele zinaonekana zimebandikwa kwa gundi, lakini juu ya macho yale bado unamwona mvulana. Kipodozi cha gharama kingemficha. Isitoshe, kichekesho cha mnyama aliyevaa jaketi la shule si kasoro. Ndiyo picha iliyobaki vichwani mwa watu muda mrefu baada ya hadithi kusahauliwa.

Na hapo pana tatizo lililonifanya niandike. Picha imebaki na hadithi imesahauliwa. Msomaji ambaye hajawahi kusikia jina la Herman Cohen bila shaka ameiona video ya Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1983 chini ya uongozi wa John Landis. Dakika zake za kwanza ni heshima kwa filamu hizi: miaka ya 1950, gari limeishiwa mafuta, mvulana aliyevaa jaketi lenye herufi kifuani anamwambia msichana kwamba yeye si kama wengine, kisha mbalamwezi inatoka na anageuka. Mbalamwezi imerudi, daktari hayupo. Mwaka 1985 ikaja Teen Wolf, ambamo Michael J. Fox anarithi umbwamwitu kwa baba yake na kuutumia kucheza mpira wa kikapu; hapo mageuzi ni balehe tu, aibu kidogo, umaarufu kidogo, na mwisho mwema. Landon mwenyewe alijitania mwaka 1987 katika sehemu moja ya tamthilia yake Highway to Heaven, akavaa tena manyoya akiwa mtu wa makamo. Warithi wote hao wamechukua jaketi na meno, wakaiacha sindano. Wamemfanya mbwamwitu kuwa mfano wa mwili wa kijana unaobadilika wenyewe, jambo la kuchekesha na lisilo na mhusika. Filamu ya 1957 haikusema hivyo hata kidogo. Ilisema kuna mtu alifanya, na ikamtaja kwa jina na cheo.

Kwenye vibanda umiza vyetu, vile vya kuonyeshea video, kuna sheria isiyoandikwa kwamba stelingi hafi. Tony anakufa. Anamrudia Brandon akiomba msaada kwa mara ya mwisho, kwa kuwa bado hajui nani alimfanya alivyo, na daktari anamlaza tena kitandani, safari hii akiwa ametega kamera ili ayapate mageuzi kwenye filamu na kuyaonyesha ulimwengu. Simu inalia. Tony anawaua wote wawili, Brandon na Hugo, kisha polisi wanaingia na kummiminia risasi, risasi za kawaida tu, na uso wa mvulana unarudi. Mpelelezi Donovan anasimama juu ya maiti na kutamka neno la busara kuhusu binadamu kutoingilia kazi ya Mungu. Hatamki kwamba ni yeye aliyemwelekeza kijana kwenye ofisi ile.